Fuata Mzigo: Kutathmini Urithi wa Mji wa Maghala na Viwanda Kabla Ujenzi Haujaanza

Mwekezaji akishapewa kiwanja cha maghala ya zamani, Funguni kwa Unguja au bandarini Wete kwa Pemba, kazi ya kwanza huwa ni kusafisha. Mabati yanavuliwa, vyuma vinauzwa kwa kilo, miti inafyekwa, na baada ya hapo ndipo mshauri anapoitwa kuandika ripoti ya urithi. Anachokikuta ni kifusi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya maafisa wa wilaya, wasanifu, washauri wa mazingira na kamati za shehia, ili tathmini ifanyike wakati bado ina uwezo wa kubadilisha mchoro.

Mji Mkongwe umetuzoesha kutafuta mlango wa nakshi, roshani na baraza ya mawe. Ghala la karafuu, kinu cha mafuta ya nazi au nyumba ya mitambo ya umeme haina hata kimoja kati ya hivyo, na kwa sababu hiyo huandikwa "jengo chakavu" kisha basi. Lakini thamani ya mahali pa kazi imo katika mlolongo wa kazi yenyewe. Karafuu ilichumwa shamba, ikachambuliwa kutoka kwenye makonyo yake, ikaanikwa juani siku nne mpaka saba juu ya majamvi au sakafu, ikatiwa guniani, ikapimwa kwa frasila, ikalazwa ghalani, ikachukuliwa mpaka pwani. Kila hatua iliacha alama: sakafu, mzani, mlango mpana, njia, ngazi za kuteremkia majini. Kazi ya mtathmini ni kuuona mlolongo wote, halafu kuuliza mradi unaukata wapi. Kwa maneno mafupi, fuata mzigo.

Mahonda, kwenye kiwanda cha sukari, maswali ni yale yale: miwa iliingilia wapi, ilipimwa wapi, makapi yalikwenda kuchochea bwela (tangi la kuchemshia maji ya mvuke) kwa njia gani, sukari na molasi zilitokea upande gani, wafanyakazi walilala wapi.

Tena njia ya mzigo hubadilika kwa nyakati. Kabla ya gati ya Malindi kujengwa miaka ya 1920, meli kubwa zilitia nanga nje na bidhaa zilipelekwa kwa matishari. Ghala la zama hizo linaelekeza mlango wake mkuu pwani. La baadaye linaelekea barabara na geti la bandari. Reli ya Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani na kufunguliwa 1905, ilipita kiasi cha kilomita 11 kutoka mjini kwenda kaskazini. Mwaka 1980 umeme wa Unguja ulianza kuja kwa waya wa baharini kutoka Ras Kiromoni, upande wa bara, na mitambo ya dizeli ya kisiwani ikawa ya akiba. Kwa hiyo usichore njia moja tu. Chora moja kwa kila kipindi, kila moja na rangi yake.

Mipaka na ruhusa

Chora mipaka miwili. Wa kwanza ni wa kiwanja chenyewe. Wa pili ni wa eneo la tathmini: mita 250 kuzunguka kiwanja ikiwa linajengwa jengo la kawaida, na mpaka kilomita 1 ikiwa ni jengo refu, gati au barabara mpya. Halafu uurefushe mpaka huo kufuata njia ya mzigo hata kama inatoka nje ya duara. Ghala lisilo na pwani yake limeelezwa nusu. Ongeza pia mahali ambapo macho hufika: Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, na sura yake kutokea baharini ni sehemu ya kilicholindwa. Jengo la ghorofa nane nje ya mpaka linaweza kuudhuru mji bila ya kugusa jiwe lake hata moja.

Kabla ya kutia mguu kiwanjani, nenda kwa sheha na barua mkononi. Bila yeye utaonekana mpimaji wa kuja kunyang'anya ardhi, na wazee hawatakufungulia mdomo. Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale ndiyo yenye kauli juu ya vitu vya kale na ndiyo inayotoa kibali cha kuchimba. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe inafanya kazi kwa Sheria Namba 4 ya 2010, na tathmini ya athari za kimazingira inasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira (ZEMA) kwa Sheria Namba 3 ya 2015. Kamisheni ya Ardhi ina ramani na hati. Ulizia pia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kwani maghala na maduka mengi ya zamani ni wakfu, na jengo la wakfu lina masharti ambayo mwekezaji huyagundua akiwa amechelewa.

Mradi ukiweza kuugusa Mji Mkongwe, aya ya 172 ya mwongozo wa utekelezaji wa Mkataba wa Urithi wa Dunia inaitaka serikali iipe UNESCO taarifa mapema, kabla ya uamuzi ambao haurudi nyuma. Panga ratiba ukilijua hilo. Kulipuuza kumeiletea miji mingine miaka ya barua na misheni za ukaguzi.

Anza na vyuma

Khabari ya mradi ikishaenea, vyuma ndivyo vinavyotoweka mwanzo. Mzani wa ghala, gurudumu la injini, sahani ya jina la mtengenezaji, vyote vina bei kwa mnunuzi wa vyuma chakavu na vyote hubebeka kwa gari la ng'ombe usiku mmoja. Ndiyo maana siku ya kwanza kiwanjani ni ya mitambo, hata kama nyaraka hazijasomwa bado.

Piga picha ya kila mtambo pande nne, ukisimamisha ufito wa mita 1 wenye alama, kisha picha ya karibu ya kila andishi. Maandishi yaliyoliwa na kutu hutokea ukiyapaka chaki kwa ubapa au ukiyamulika tochi kutoka ubavuni. Usikwangue kwa brashi ya waya, maana utaondoa tabaka za rangi ambazo nazo ni ushahidi. Nakili namba zote za mtambo hata kama huzijui maana yake.

Jina la mtengenezaji hukupa tarehe ya "si kabla ya". Injini yenye majina Ruston & Hornsby pamoja haiwezi kuwa ya kabla ya 1918, kwani huo ndio mwaka kampuni hizo mbili zilipoungana. Lakini tarehe ya injini si tarehe ya jengo. Injini zilinunuliwa zikiwa zimeshatumika, zikahamishwa kutoka kinu hadi kinu. Kosa la kulipatia jengo umri wa mashine yake limejaa kwenye ripoti, na huharibu kila hesabu inayofuata.

Ikiwa mashine imeshaondoka, soma kitako chake. Pima urefu na upana wa zege, umbali baina ya boliti na kimo chake kutoka sakafuni. Tafuta tundu la mkanda au la bomba la moshi ukutani, doa la mafuta, na upande uliochakaa zaidi. Kwenye kiwanda cha kutolea mafuta ya karafuu, kama kile cha makonyo cha Wawi karibu na Chake Chake, kumbuka kwamba mafuta hayo ni mazito kuliko maji na hivyo huzama. Chombo cha kutenganishia hutolewa mafuta chini, na maji ndiyo yanayotoka juu. Asiyelijua hili huuchora mtambo kichwa chini.

Ukikuta reli, pima baina ya nyuso za ndani. Reli ya Bububu ilikuwa na upana wa milimita 914, yaani futi 3. Upana mdogo zaidi, kiasi cha milimita 600, huwa wa vigari vya kusukuma ndani ya kiwanda au gatini. Vipande vya reli hugeuzwa vizingiti vya milango na nguzo za uzio, kwa hiyo kagua na nyumba za jirani.

Nyaraka na ramani

Nyaraka za Zanzibar ziko Kilimani. Kwa majengo ya kazi, anza na mafaili ya Sekretarieti ya wakati wa Mwingereza, mfululizo wa AB, ambamo mna maombi ya viwanja, malalamiko ya moshi na harufu, na barua za bandari. Malalamiko ndiyo hazina: mwenye nyumba aliyelalamikia kinu cha jirani ameeleza kilikuwa wapi, kilisaga nini na saa ngapi. Gazeti rasmi la serikali litakupa leseni na matangazo ya mnada.

Ramani za kutafuta ni ile ya mji ya 1892, mpango wa mji wa Lanchester wa 1923, mpango wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki wa 1968, wa Wachina wa 1982, na mpango wa hifadhi wa Mji Mkongwe wa 1994. Juu yake weka picha za angani za zamani na zile za droni zilizopigwa visiwa vizima kuanzia 2016. Ramani ya 1892 ndiyo muhimu kuliko zote kwa upande wa Malindi, Funguni na Darajani, kwa sababu inaonyesha mkono wa bahari uliokuwa ukiutenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo. Mkono huo ulifukiwa kidogo kidogo mpaka miaka ya 1950. Kiwanja kilichokuwa maji 1892 hakiwezi kuwa na msingi wa nyumba ya 1850 chini yake. Kinaweza kuwa na taka za mji, mbao za vyombo na udongo wa kujazia usioshika nguzo vizuri.

Ramani hizi ziwekwe juu ya nyingine kwa programu ya ramani kama QGIS. Chagua angalau alama sita zisizohama, zilizotawanyika pande zote: pembe za Ngome Kongwe, Minara Miwili, Kanisa la Mkunazini, mnara wa Msikiti wa Malindi. Alama zikikusanyika upande mmoja, ramani itakaa sawa hapo na kupinda kwengine. Kwa ramani ya mji, kosa la wastani lisizidi mita 5. Likizidi, liandike kwenye mchoro wenyewe.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni la mfumo wa viwianishi, yaani namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani. Ramani nyingi za upimaji za Zanzibar zimetumia Arc 1960, kanda ya 37 Kusini, wakati simu na GPS zinatoa WGS 84. Ukizichanganya bila ya kubadilisha, kila kitu kitasogea kiasi cha mita 300, na ghala lako litaangukia baharini au kwenye kiwanja cha mtu mwengine. Ramani za zamani zaidi zina vipimo vya futi. Zidisha kwa 0.3048. Andika mfumo uliotumika kwenye kila faili, maana atakayekuja baada yako hatakisia.

Wazee wa kazi

Nyaraka zinaeleza mwenye kiwanda. Wanaojua kiwanda kilivyokwenda ni mahamali, wapimaji, mafundi bwela, madereva wa matishari, na wanawake waliochambua karafuu. Zungumza na watu wanane angalau, kutoka katika kazi tatu tofauti, na uhakikishe wanawake wamo. Nenda baada ya alasiri, salimu kwa shikamoo, kaa barazani kama mgeni, na usikimbilie daftari. Ramadhani mchana usimtembeze mzee juani.

Usiulize "historia ya hapa ni ipi?" Utajibiwa kwa majina ya wafalme. Uliza kazi: Asubuhi mkiingilia mlango gani? Gunia mkilitua wapi? Mzani ulikuwa upande upi? Mshahara ukilipwa dirisha gani? Mkinywa maji wapi, mkisali wapi? Kachapishe ramani kubwa na picha za zamani zilizopigwa na Gomes au ndugu Coutinho, muwekee mbele, umwachie kidole chake kiende. Akiweza kutembea, tembeeni pamoja, na kila anaposimama weka alama ya GPS. Omba ridhaa ya kurekodi, na umuulize kama jina lake litajwe au lisitajwe. Jambo lililosemwa na mtu mmoja liandike hivyo. Likisemwa na wawili ambao hawakukaa pamoja, lina uzito mwengine.

Kutembea na kusoma kuta

Msimu mzuri ni kaskazi, Januari na Februari, majani yakiwa makavu. Baada ya masika nyasi huficha misingi yote. Sehemu ya wazi itembewe kwa mistari iliyoachana mita 10. Pwani isubiriwe siku za bamvua, ambapo maji hupanda na kushuka kiasi cha mita 4, na kazi ifanywe katika saa moja kabla na moja baada ya maji kupwa kabisa. Wakati huo ndipo unapoona vigingi vya gati za mbao, ngazi, mawe ya kushikia nanga na mashimo ya kuozeshea makumbi. Tanuu la chokaa hujulikana kwa duara la udongo uliogeuka mwekundu, majivu na madonge meupe. Mara nyingi halijai mita chache na mfyekaji hulipita bila ya kuliona.

Usalama hauna mjadala. Sehemu ya Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, iliporomoka 25 Disemba 2020 ikiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Ghala lililoachwa miaka ishirini bila ya paa ni hatari zaidi. Mhandisi wa majengo aingie mwanzo. Kofia ngumu, viatu vya soli ngumu, na watu wawili wawili daima. Vigae na mabati ya asbestosi yasivunjwe wala kupigwa brashi, na mafuta ya transfoma za kabla ya miaka ya 1980 yasiguswe kabla ya kupimwa, kwani huenda yana PCB, kemikali ya sumu. Ardhi ya kiwanda cha zamani imenywa vitu vingi. Mchimbaji avae glovu.

Kuta zenyewe husema umri wake ukizipima. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa huwa na unene wa sentimita 50 mpaka 60, na chumba chake hakizidi mita 3 kwa upana kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya hapo. Ukikuta ukumbi wa mita 8 usio na nguzo katikati, paa lake ni la chuma au mbao za kigeni, na lina umri mwengine. Chokaa hukwanguka kwa msumari na huacha unga mweupe. Saruji hukwaruzika kwa shida na ni ya kijivu. Kipande cha kigae geuza chini: vile vya Mangalore, India, vina muhuri wa kiwanda. Mihimili ya chuma mara nyingi ina jina la kiwanda lililopigwa ubavuni, chini ya rangi.

Hapa kuna hukumu moja inayokosewa kila mara. Ukuta wa matumbawe uliopakwa plasta ya saruji hufungia unyevu ndani. Chumvi hupanda, plasta hupasuka na kuanguka kwa vipande vikubwa. Mkaguzi asiyejua huandika "hali mbaya, libomolewe". Bandua plasta iliyokwisha kuachia, gonga jiwe la ndani, tazama chokaa baina ya mawe. Mara nyingi ukuta ni mzima na ugonjwa ni wa ngozi tu. Hatari ya kweli iko kwenye ncha za boriti zilizoingia ukutani: zichome kwa bisibisi nyembamba, na ikizama sentimita 2 bila ya nguvu, boriti imeoza.

Kila kitu kipewe namba, mahali, kazi yake katika mlolongo, dalili za tarehe, vifaa vilivyojengewa, hali, na picha za nje pande nne na ndani. Chora ramani ya sakafu kwa mkono ukiwa hapo hapo. Kipimo cha leza hukosea kwenye nuru kali ya jua, basi kamba ya mita 30 isikosekane.

Chini ya ardhi

Bila ya kibali cha Idara usichimbe. Ukishapata, mwanaakiolojia achimbe mashimo ya majaribio ya mita 1 kwa 1 au 2 kwa 1, yakifikia asilimia 2 mpaka 5 ya ardhi itakayoguswa. Yapange pale ambapo ramani na maneno ya wazee vinakutana, na machache pale pasipo na dalili yoyote, ili ujue kama kimya cha ramani ni cha kweli. Udongo uchekechwe kwa wavu wa milimita 5. Shimo lisipite mita 1.2 bila ya kuzuiliwa kingo, khasa kwenye ardhi ya kufukiwa ambako maji ya bahari huingia chini na kuta huporomoka ghafla.

Njia rahisi isiyotumika vya kutosha: mhandisi wa mradi lazima atoboe mashimo ya kupima udongo. Mwombe mwanaakiolojia awepo siku hiyo. Kwa gharama ya posho ya siku moja utajua unene wa udongo wa kujazia katika kiwanja kizima.

Kupima thamani na athari

Orodha ya majengo yaliyosajiliwa isiwe mwisho wa kazi. Maghala na viwanda vingi havimo humo, na kutosajiliwa hakumaanishi kukosa thamani. Uliza: ni kiungo gani cha mlolongo, na viungo jirani vyake bado vipo? Vingine vya aina hii vimebaki vingapi kisiwani? Kinaeleza nini ambacho nyaraka hazielezi? Nani wanakijali leo?

Swali la mwisho lina uzito mkubwa hapa kwetu. Mgomo mkuu wa 1948 ulianza kwa wafanyakazi wa bandari, na ghala au uwanja walipokusanyika una thamani isiyoonekana ukutani. Mashamba ya karafuu ya karne ya 19 yaliendeshwa kwa jasho la watumwa, na hadhi ya kisheria ya utumwa haikufutwa mpaka 1897. Sakafu ya kuanikia na vibanda vya shambani ni sehemu ya historia hiyo na viandikwe bila ya kuipamba. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha Pemba kwa kiasi kikubwa, na hilo linasaidia kueleza kwa nini Wete na Chake Chake zikawa miji ya karafuu. Viwanda vya baada ya 1964 navyo vihesabiwe. Umri mdogo si sababu ya kuviruka, na mafundi wake wangali hai kueleza.

Panga ngazi: kubwa sana, kubwa, wastani, ndogo, na haijulikani. Ngazi hii ya mwisho ni halali. Kuificha kwa kuandika "ndogo" ni udanganyifu. Kisha linganisha na athari. Kubomoa ni athari iliyo wazi. Zinazosahauliwa ni hizi: nguzo zinazopigwa kwa nyundo hutikisa kuta za chokaa, na kiwango cha Kijerumani cha DIN 4150-3 kinataka mtikisiko kwenye msingi wa jengo la kihistoria usizidi milimita 3 kwa sekunde katika masafa (frikwensi) ya chini, kwa hiyo dai nguzo za kuchoronga, na bandika plasta yenye tarehe juu ya kila ufa wa majirani ndani ya mita 50 kabla kazi haijaanza, ili ionekane ufa ukipanuka. Kuinua kiwanja kwa kifusi hupeleka maji ya masika ndani ya nyumba za zamani zilizobaki chini. Na kupanda kwa kodi huondoa watu wa kazi zenyewe, wavuvi na mafundi majahazi, hata jengo likibaki.

Katika mapendekezo fuata utaratibu: epuka, punguza, halafu ndipo urekodi. Kurekodi kabla ya kubomoa si hifadhi, na usikubali kuandikwa hivyo. Mara nyingi kuepuka ni rahisi kuliko inavyodhaniwa: maegesho yakihamishwa mita 15, sakafu ya kuanikia inabaki uwanja wa wazi, ghala linafaa soko, karakana au skuli ya ufundi bila ya kuongezwa ghorofa. Kila pendekezo liwe na mtu wa kulitekeleza, tarehe na gharama. Lisilo na vitu hivyo vitatu halitekelezwi.

Ripoti na siku za ujenzi

Kwa kiwanja cha hekta 2 au 3, timu ya watu wanne ihesabu wiki 8: mbili za nyaraka, mbili za kiwanjani na mazungumzo, moja ya mashimo, tatu za kuandika na kurudi kwa wananchi. Akikuambia mwekezaji wiki mbili, punguza eneo kwa maandishi, usipunguze ukweli. Ripoti iwe na muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili chepesi, usomwe kwenye mkutano wa shehia na mzee aliyekupa taarifa awepo kukusahihisha. Nakala, pamoja na picha za ukubwa kamili na faili za ramani, zipelekwe Idara, Mamlaka ya Mji Mkongwe, Nyaraka za Kilimani, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), na moja ya karatasi kwa sheha.

Mkataba wa mkandarasi uandikwe kifungu cha kusimama. Kikitokea kitu cha kale, msingi usiojulikana au mifupa, mashine izimwe, mita 10 kuzunguka pazungushiwe kamba, msimamizi apige simu Idara siku hiyo hiyo, na asiokote mtu kitu. Likiwa kaburi, sheha na watu wa msikiti wa jirani waitwe kabla ya mtu yeyote kufukua. Muda wa kusubiri uwemo kwenye ratiba na bei tangu mwanzo, siku tano za kazi angalau, ili dereva wa buldoza asiwe na sababu ya kufukia haraka alichokiona. Dereva mwenyewe apewe mafunzo ya nusu saa na picha za kuonyesha jiwe la tanuu, kigae chenye muhuri na mfupa wa mtu vinavyofanana vikiwa udongoni, kwani yeye ndiye atakayeviona kabla ya wote.